"Jaribu tena" ni ushauri mbaya

Kama kuna maneno mawili ambayo sisi tungeyafuta kwenye kila simu inayotuma pesa hapa Kenya, ni haya: "Jaribu tena." Yanasikika ya upole, kama mtu anayekusaidia. Lakini yakitokea wakati usiofaa, ndiyo yanayomfanya mtu alipe deni moja mara mbili. Leo tunataka kueleza kwa nini tunayapinga, hata kama tunajua jibu tunalopendekeza badala yake litawaudhi wateja wengine mwanzoni.

Chukua mfano wa kawaida kabisa. Mama anauza viatu vya mitumba Kawangware, karibu na steji ya 46. Mzigo wake anautoa Toi, lile soko lililoshikana na Kibera. Ni saa kumi na mbili asubuhi, muuzaji wa Toi amefungua belo, amemwekea jozi nzuri kando na anataka shilingi 3,500 sasa hivi kabla hajampa mwingine. Mama anatuma. Simu inazunguka, inazunguka, halafu inaandika: ombi halikukamilika, jaribu tena. Anajaribu tena. Baada ya dakika tano meseji mbili zinaingia zikifuatana, zote za 3,500, na salio limebaki la nauli tu. Sasa aanze kumbembeleza mtu wa Toi amrudishie. Na kama huyo mtu wa Toi alikuwa na mkopo wa simu uliochelewa, pesa hiyo ya pili huenda ilikatwa kabla hata hajaiona.

Watu husema, "Ni mtandao." Sawa, lakini mtandao upi? Wengi hufikiria ule mlingoti wa simu ulio karibu na nyumbani. Mara nyingi ni huo kweli. Lakini kuna mtandao mwingine ambao mteja haoni kabisa, ule unaounganisha kompyuta yenye daftari la pesa zako na kompyuta nyingine, mbali na hiyo, yenye nakala ya daftari hilohilo. Kutoka Kawangware hadi Toi ni kilomita chache tu. Rekodi ya malipo yako inaweza kusafiri mara nyingi zaidi ya hapo kabla mtu wa Toi hajapata meseji.

Ili tuelewane, tuache kompyuta kidogo twende kwenye chama.

Tuseme chama chenu kina wanachama nusu Kawangware na nusu Kibera. Mweka hazina anakaa Gatina, katibu anakaa Makina. Kila mmoja ana daftari, na yote mawili yanatakiwa yawe sawa mstari kwa mstari. Kwa nini mawili? Kwa sababu nyumba huungua, na daftari likiungua hakuna anayejua nani ametoa ngapi. Kila mtaa wa mabati unaijua hofu hiyo. Basi mkakubaliana hivi: malipo yote yanaandikwa kwanza Gatina, kisha mweka hazina anampigia katibu na kumsomea mstari mpya. Katibu anaandika, anajibu, "Nimeandika."

Siku nyingi hakuna shida. Siku moja mweka hazina anasoma, "Wanjiku, mia tano," na kabla katibu hajajibu simu inakatika. Je, katibu aliandika au hakuandika? Mweka hazina hawezi kujua. Labda simu ilikatika kabla katibu hajasikia. Labda alisikia, akaandika, na kilichopotea ni lile jibu tu. Kutoka Gatina mambo haya mawili yanafanana kabisa, na hakuna akili yoyote itakayokusaidia kuyatofautisha ukiwa umekaa hapo na simu isiyo na mtu upande wa pili.

Sasa angalia anavyoweza kufanya. Akipiga tena na kusema, "Wanjiku, mia tano," na kumbe katibu alikuwa ameandika tayari, daftari la Makina litakuwa na mia tano mbili. Hiyo ndiyo "jaribu tena". Lakini kama kila mstari una nambari yake na mweka hazina akasema, "Mstari wa 41, Wanjiku, mia tano," katibu anaangalia. Kama 41 ipo, anasema ninayo, haongezi kitu. Kama haipo, anaandika. Mweka hazina anaweza kurudia hata mara kumi na hakuna mtu atakayeumia. Tofauti yote iko kwenye ile nambari.

Kuna swali la pili, na hili ni gumu zaidi. Wanjiku amesimama mlangoni Gatina akisubiri risiti. Je, apewe risiti mara tu mweka hazina akishaandika, au asubiri mpaka katibu wa Makina aseme ameandika? Mkimpa mara moja, anaenda zake akiwa na furaha. Lakini nyumba ya Gatina ikiungua usiku huo kabla Makina haijapigiwa, Wanjiku ana risiti ya pesa ambayo hakuna daftari linaloijua. Mkimfanya asubiri, pesa yake iko salama, ila siku ambayo simu haishiki atasimama pale mlangoni mpaka achoke. Hakuna njia ya tatu isiyo na gharama. Kuna chama kitakachochagua hivi na kingine vile, na wote wawili wana sababu zao.

Na je, simu zikikatika siku nzima, Makina waanze kupokea malipo yao wenyewe? Inavutia, kwa sababu wanachama wa Kibera hawatakwama. Lakini jioni mtagundua kuna mstari wa 42 wa Gatina na mstari wa 42 wa Makina, na ni malipo tofauti. Mbaya zaidi, mtu mmoja anaweza kuwa amekopa akiba ileile pande zote mbili. Ndiyo maana sheria ya kawaida ni kwamba upande mmoja ndio unaoandika, mwingine unanakili tu, na ule wa pili huchukua kalamu pale tu inapothibitishwa kwamba wa kwanza umeanguka kweli. Ukikosea kuthibitisha, una wakubwa wawili.

Hivi ndivyo kampuni za malipo zinavyofanya, ila kwa maelfu ya mistari. Daftari linaitwa hifadhidata, na kurasa zake ni majedwali: jedwali la wateja, la salio, la miamala. Kila badiliko kwenye jedwali huandikwa kwenye orodha yenye nambari zinazofuatana, na orodha hiyo hutumwa kwa njia ya intaneti hadi kituo kingine, ikiwa imefungwa kwa siri ili anayechungulia njiani asione chochote cha maana. Kule mbali, kompyuta ya pili inasoma orodha na kufanya mabadiliko yaleyale kwa mpangilio uleule. Mpangilio ni muhimu sana. Ukiandika "ametoa 2,000" kabla ya "amewekewa 2,000", salio litaenda chini ya sifuri na mfumo utakataa.

Nakala ya pili ikichelewa hata kwa nusu dakika, ina salio la nusu dakika iliyopita. Mara nyingine umeona programu ya simu inaonyesha salio moja, ukipiga kodi ya nyota unapata lingine? Huenda moja lilisomwa kwenye daftari kuu na jingine kwenye nakala iliyobaki nyuma. Hakuna aliyekuibia. Subiri kidogo uangalie tena, na hapo kweli "jaribu tena" haina madhara, kwa sababu kuuliza salio mara kumi hakupunguzi shilingi kwenye hesabu yako, isipokuwa kama kuna ada ya kuuliza.

Kenya ina historia yake katika jambo hili. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka mingi sava zake zilikuwa Ujerumani. Zililetwa nyumbani mwaka 2015, mfumo wote ulipohamishiwa jukwaa jipya. Kabla ya hapo, ukimtumia jirani yako wa Kibera pesa ya maziwa, hesabu yake ilifanywa Ulaya kisha jibu likarudi. Mwanga kwenye waya wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt ni kama kilomita 6,300 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi haiwezi kuchukua chini ya milisekunde 60 hata ukiwa na vifaa bora duniani, na nyaya za baharini hazinyooki. Milisekunde 60 ni kufumba na kufumbua, utasema. Kweli, kwa muamala mmoja. Lakini miamala inayogusa hesabu moja lazima ipange foleni, kwa sababu salio moja haliwezi kubadilishwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Wakala mwenye wateja wengi mwisho wa mwezi, au tili ya duka kubwa, anaanza kuhisi foleni hiyo.

Halafu kuna nyaya zenyewe. Februari 2012 meli ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa karibu na bandari ya Mombasa na kukata waya wa TEAMS, ambao ulikuwa umefika pwani yetu mwaka 2009. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa mwendo wa kobe Kenya, Uganda na Tanzania. Tunataja haya kwa sababu moja: yeyote anayeweka daftari upande mmoja wa bahari na nakala upande wa pili amefunga hatima ya wateja wake na nanga ya nahodha asiyemjua. Kuleta sava nyumbani kulisaidia. Lakini hata ndani ya nchi, nakala ikiwa Nairobi na nyingine mji mwingine, kuna waya kati yao, na barabara zetu zinachimbwa kila wiki.

Kawangware na Kibera zimewahi kujaribu pesa ambayo haihitaji haya yote. Baada ya Bangla-Pesa kuanzishwa Mombasa mwaka 2013, vocha za karatasi za aina hiyo zilifika huku pia: Gatina-Pesa Kawangware na Lindi-Pesa Kibera. Wafanyabiashara wa mtaa walikubaliana kupokeana vocha hizo kwa bidhaa na huduma. Karatasi ina sifa moja ambayo kompyuta inaihusudu: noti moja haiwezi kuwa kwenye mikono miwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna cha kunakili wala kulinganisha. Bei yake ni kwamba ikilowa au ikiibwa, imeenda, na huwezi kumtumia mtu wa Kakamega. Baadaye mpango huo nao ukahamia kwenye simu, na mara tu ulipohamia, ukarithi swali la Gatina na Makina kama sisi wengine wote.

Sasa turudi kwenye maneno yetu mawili.

Mwaka 2000 Eric Brewer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa hoja ambayo miaka miwili baadaye Seth Gilbert na Nancy Lynch wa MIT waliithibitisha kihesabu. Kwa lugha ya mtaani ni hivi: nakala zako zikiwa mbali na mawasiliano kati yake yakakatika, itabidi uchague. Ama uendelee kuwajibu watu wote ukijua majibu mengine hayatakuwa sahihi, ama uwanyamazishe wengine mpaka daftari ziwe sawa. Huwezi kuwa na vyote viwili wakati waya umekatika. Kwa picha za mtandaoni, chagua la kwanza, nani atajali kama idadi ya "likes" imechelewa. Kwa pesa ya mtu wa mitumba, sisi tunasema chagua la pili.

Tatizo ni kwamba mifumo mingi imejengwa ikiwa na majibu mawili tu: imepita au imefeli. Mfumo ukisubiri jibu kutoka mbali na muda ukaisha, unalazimika kuchagua moja, na unachagua "imefeli, jaribu tena". Hiyo si kweli. Kufeli ni pale unapojua kwamba haikuandikwa. Kutopata jibu ni kitu kingine. Mweka hazina wa Gatina hakumwambia Wanjiku malipo yake yamekataliwa. Alichojua ni kwamba simu imekatika.

Tunachotaka ni jibu la tatu liwe jambo la kawaida katika sekta nzima: "Ombi lako nambari fulani tumelipokea. Bado hatujathibitisha. Usitume tena, tutakujulisha." Na ukiweka nambari ileile au kiasi kilekile kwa mtu yuleyule wakati la kwanza linasubiri, simu ikuulize kwanza, kwa maneno makubwa, kama unataka kulipa mara ya pili. Unapobonyeza upya wewe mwenyewe, mfumo unaliona kama ombi jipya lenye nambari mpya. Ni mstari wa 42, si 41 uliorudiwa. Kompyuta haiwezi kujua kwamba nia yako ilikuwa moja.

Kuna wenzetu kwenye biashara hii wanaotupinga, na hoja zao si za kipuzi. Wanasema mteja akiona "bado hatujathibitisha" atapata wasiwasi, atapiga simu huduma kwa wateja, laini zitajaa, na mwishowe atahamia kampuni nyingine inayojibu haraka. Wanasema pia kwamba muuzaji wa Toi hatasubiri. Atauza viatu kwa mwingine. Hili la pili linauma, na hatuna dawa yake. Mama wa Kawangware anaweza kweli kupoteza jozi nzuri asubuhi hiyo. Lakini linganisha hasara mbili. Akikosa mzigo, bado ana shilingi 3,500 za kununua kwingine. Akilipa mara mbili, hana mtaji wa kesho, na anaanza kufuatilia marejesho huku watoto wanasubiri karo. Kuhusu wasiwasi, tunaona mteja wa Kenya amezoea kusubiri vitu vingi akiambiwa ukweli. Kinachomkasirisha ni kuambiwa "imefeli" halafu aone imepita.

Jambo hili ni zito zaidi pesa inapovuka kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Tangu Aprili 2018 unaweza kutuma moja kwa moja kutoka pochi ya mtandao mmoja wa simu hadi ya mtandao mwingine hapa Kenya, na tunafurahia hilo. Lakini hapo si daftari moja na nakala yake tena. Ni daftari mbili za wenye mali wawili, kila mmoja na sheria zake na vituo vyake. Upande wako umeshakata. Upande wa pili bado haujaandika. Katikati pesa yako iko kwenye jedwali la "inayosubiri", wala haijapotea. Muda huo unaweza kuwa sekunde, unaweza kuwa zaidi. Huko ndiko "jaribu tena" inakouma kuliko kwingine kote.

Na kwa kuwa tumefika kwenye meseji: meseji ni habari tu kwamba daftari limeandikwa, na habari inaweza kughushiwa. Walaghai wanalijua hilo, ndiyo maana wanakutumia "umepokea 5,000" kutoka nambari ya kawaida ya simu halafu wanakupigia wakilia eti wamekosea nambari. Wakala wa Kibera anayeonyeshwa skrinshoti na mtu mwenye haraka anapaswa kuangalia salio lake mwenyewe kabla hajatoa noti hata moja. Salio likiwa halijabadilika, mteja asubiri, hata akipiga kelele.

Basi simu yako ikizunguka na kukuambia ujaribu tena, fanya hivi kwanza. Usitume. Angalia salio. Kama limepungua, pesa imeondoka au iko njiani, na kutuma tena ni kulipa mara mbili. Kama halijapungua, subiri dakika kadhaa uangalie tena, kwa maana huenda umesomewa nakala iliyo nyuma, kisha fungua taarifa ya miamala yako uone kama ombi lile lina mstari wake. Mpigie unayemlipa, mwambie aangalie salio lake mwenyewe, si meseji. Kama bado kuna utata, piga huduma kwa wateja ukiwa na mambo matatu mkononi: saa uliyotuma, kiasi, na nambari ya muamala kama ulipewa. Usimpe yeyote namba yako ya siri, hata akisema anapiga kutoka kwetu. Na ukipata nafasi ya kuongea na kampuni yoyote inayokuhudumia, sisi tukiwemo, uliza swali hili: mkikosa jibu kutoka sava yenu ya pili, mnaniambia nini mimi?